Kuachia Si Kusukuma

Jumanne, tarehe 13 Machi 2018, saa nne na dakika kumi asubuhi, madam Ruba alianguka juu ya mkeka wa mazoezi sebuleni kwake, Riyadh, na kifundo cha mkono wake wa kulia kikavunjika. Watu wawili tu walikuwepo: yeye mwenyewe na Truphena, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Mumias, aliyekuwa na siku sabini na saba katika nyumba hiyo. Wa tatu alikuwa mwalimu wa mazoezi kwenye runinga, na huyo aliendelea kutabasamu na kuhesabu.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya programu ya siku arobaini. Mdogo wake madam alikuwa anaolewa Jeddah mwezi wa nne, na gauni la madam lilikwisha kushonwa kwa kipimo ambacho mwili ulikuwa haujakifikia. Basi kila asubuhi, baba, mumewe madam, akishaondoka kwenda kazini mtaa wa Olaya, Truphena alisogeza meza, akatandaza mkeka, akaiegemeza simu ya madam kwenye boksi la tishu na kubonyeza kitufe chekundu. Madam alijirekodi ili baadaye ajilinganishe na mwalimu. Video hizo hakumwonyesha mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa kichwa wazi na nguo za kubana.

Mazoezi ya kuruka aliyaweza. Ya tumbo aliyaweza pia, kwa manung'uniko. Kilichomshinda ni kusimama kwa mguu mmoja, kiwiliwili kikiinamia mbele na mguu wa pili ukinyooka nyuma. Goti liliingia ndani, nyonga ya upande wa pili ikashuka, na vidole vya mguu vikaukwangua mkeka kama vya kuku. Truphena aliona kosa hilo tangu siku ya tatu. Shuleni alikuwa nahodha wa netiboli, na mwalimu wao alikuwa akiwasimamisha kwa mguu mmoja mpaka zamu ya darasa zima iishe. Siku ya nne alipiga magoti, akaweka kidole pembeni mwa goti la madam ili alisukume nje kidogo. Madam akakipiga kile kidole.

"Wewe ndiye mwalimu?" aliuliza kwa Kiarabu, akionyesha runinga. "Mwalimu yule kule. Wewe shika mkono."

Tangu hapo Truphena alishika mkono tu.

Asubuhi hiyo madam alikuwa na hasira kabla hata ya kuanza. Alimwita Truphena punda kwa sababu mkeka ulikuwa umepinda, kisha akapanda juu yake, akainama, akaunyoosha mguu nyuma. Truphena alimshika mkono wa kulia. Goti likaanza kutetemeka.

"Sawa, sawa!" alisema madam.

Truphena akaachia.

Madam aliyumba mara moja kushoto, mara moja kulia, akatanguliza kiganja sakafuni. Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kuvunja tambi kavu. Halafu kilio kikaijaza nyumba.

&nbsp;

Saa tisa alasiri baba Mishari alirudi kutoka hospitali na mkewe, mkono ukiwa kwenye plasta mpaka karibu na kiwiko. Baba alijua Kiingereza kizuri. Madam alijua maneno machache. Truphena, kwa Kiarabu, alijua majina ya vyakula, vyombo, na amri za jikoni. Mambo yote mazito katika nyumba hiyo yalipitia kinywani mwa baba.

Alimkuta Truphena jikoni akichambua mchele. Hakumwambia akae.

"Madam anasema alikuambia, na wewe ukamwachia. Ni kweli?"

"Ndiyo baba. Aliniambia, ndiyo maana nikaachia."

Baba aligeukia mlangoni alikosimama mkewe na kumfasiria. Madam alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Umesikia?" baba alimwambia mkewe. "Anakiri, na uso wake mkavu."

"Sijui kosa langu ni lipi, baba. Nimefanya alivyosema."

"Alikutukana asubuhi?"

"Aliniita punda."

"Na wewe ukamlipiza."

"La. Ningekuwa wa kulipiza matusi, ningekuwa nimeshalipiza zamani."

Baba hakupenda jibu hilo. Alimwamuru alete mkoba wake. Aliumwaga juu ya meza ya jikoni: nguo tatu, Biblia ndogo, mafuta ya nywele, sodo, picha ya mtoto wake wa kike aliyevaa sare ya shule. Alikuwa akitafuta nini hakusema, na pengine hakujua. Aliichukua simu ya Truphena, akaizima, akaitia mfukoni. Madam alipoziona zile sodo zimetawanyika karibu na mchele aligeuza uso. Truphena alirudisha kitu kimoja kimoja mkobani kwa utaratibu, kisha akamalizia kuchambua mchele, kwa kuwa chakula bado kilihitajika.

&nbsp;

Kesho yake baba alikuja na karatasi. Ilikuwa fomu ya ofisi iliyomleta Truphena, yenye Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: fomu ya kumrejesha mfanyakazi ndani ya siku tisini za majaribio. Kwenye nafasi ya sababu baba alikuwa ameandika kwamba mfanyakazi alimsukuma mama wa nyumba na kumvunja mkono. Chini palikuwa na mraba wa dole gumba, na baba alishika kibweta cha wino.

Truphena aliufuta mkono wake kwenye aproni, akaichukua karatasi, akaisoma yote.

"Baba, mimi najua kuandika. Dole gumba ni la asiyejua."

"Basi tia sahihi."

"Nitatia ukibadilisha neno moja. Hapa umeandika nimemsukuma. Andika nimemwachia mkono, nami nitatia sahihi sasa hivi."

"Kuna tofauti gani? Mkono umevunjika."

"Anayeachia, mkono wake uko nyuma. Anayesukuma, mkono wake uko mbele. Hata polisi atauliza mkono ulikuwa wapi."

"Nani amekuambia habari za polisi?"

"Karatasi yako, baba. Hapa chini. Imeandikwa kwamba mwajiri ana haki ya kushtaki."

Baba aliichukua fomu, akaipiga picha kwa simu, akaituma ofisini bila sahihi. Truphena alimwona akiituma. Aliona hata ile alama ndogo ya kwamba imefika.

Jambo lililofuata lilimchekesha Truphena kimoyomoyo. Mtu aliyeandikiwa kwamba ni hatari hakufungiwa wala kupelekwa popote. Madam alikuwa na mkono mmoja, na nyumba ilihitaji mikono. Kwa hiyo huyo huyo msukumaji ndiye aliyempaka madam sabuni mgongoni, akamfunga vifungo, akamkatia nyama vipande vidogo, akamshika kiwiko kwenye ngazi. Baba alikwisha kuamua: wakifika Jeddah, jamaa wa madam watasaidia, na Truphena atarejeshwa kwenye tawi la ofisi lililoko Kandara, humo humo Jeddah, Jumapili tarehe 25. Siku ya tisini ilikuwa Jumatatu. Ofisi ingempa baba mfanyakazi mwingine.

Ijumaa Truphena alipewa simu yake kwa dakika kumi na tano, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Alimpigia Selipher, binamu yake, aliyekuwa na mwaka wa tatu Jeddah katika nyumba nyingine.

"Walai usisign," Selipher alisema. "Ukirudishwa hivi hivi tu, ni kawaida, ofisi inakutafutia nyumba ingine. Lakini wakiandika umepiga mtu, nani atakuchukua? Ni tarhili moja kwa moja, kufukuzwa nchi. Unapandishwa ndege na jina chafu, na hiyo agency ya Nairobi haitakutuma tena popote."

"Sisaini."

"Na ulimsukuma?"

"Selipher!"

"Nauliza tu. Mimi wangu ningemsukuma kitambo."

"Nilimwachia. Aliniambia niachie."

"Sasa kama alikuambia, mbona analia?"

Swali hilo ndilo lililokuwa likimkera Truphena tangu siku ile kuliko matusi na mkoba. Madam hakuonekana kama mtu anayedanganya. Alimwangalia Truphena kama mtu aliyefanyiwa hiana. Na Truphena alijua aliyoyasikia. Watu wawili wakweli, na mkono mmoja uliovunjika. Hesabu hiyo haikutoka.

&nbsp;

Walifika Jeddah kwa ndege Jumatatu tarehe 19. Nyumba ya mama yake madam ilikuwa Al-Baghdadiyah, ya ghorofa mbili, yenye madirisha ya mbao na maduka ya vitambaa pembeni. Mama Faiza alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na ushei, mpenda masihara, aliyemwita Truphena Tarfina. Alipoambiwa habari yake alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, kama anayekagua nyama buchani.

"Ina nguvu," alimwambia bintiye. "Hii ikisukuma, unavunjika zaidi ya hapo."

Madam hakucheka. Usiku Truphena alitandikiwa kwenye kibaraza cha kuanikia nguo, na mlango wa ndani ukafungwa kwa ufunguo. Asubuhi ulifunguliwa ili akamvalishe madam.

Jumamosi alasiri alikuja mtaalamu wa tiba ya viungo. Kifundo cha mguu wa madam pia kilikuwa kimeteguka siku ile, na alitaka kutembea vizuri kwenye harusi. Mtaalamu huyo aliingia, akavua buibui lake na kulitundika, akabaki na sare ya hospitali ya rangi ya kijani. Alimwona Truphena amebeba trei ya kahawa.

"Wewe ni wa kwetu," alimwambia kwa Kiswahili.

Trei nusura imponyoke. "Kenya, dada. Mumias."

"Mie Mwatime, wa Mombasa, Kuze. Mwaka wa sita huu niko hospitali ya hapa. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo kidogo."

"Naona. Utaniambia."

Mwatime alimwendea madam kwa Kiarabu kilichotiririka kama maji ya bomba, na salamu zake kwa Mama Faiza zilichukua muda mrefu na kumridhisha. Kisha akaanza kazi. Alimsimamisha madam mbele ya ukuta, akamwambia anyanyue mguu mzima. Madam akayumba papo hapo.

"Kabla ya kuvunjika ulikuwa hivi hivi?"

"Nilikuwa mzuri. Huyu ndiye aliyeniangusha."

"Mimi si kadhi. Mimi nataka kuona goti. Nionyeshe ulivyokuwa umesimama."

Madam alisitasita. Kisha akasema ana video, lakini haifai kutazamwa na mtu.

"Hapa pana wanaume?" aliuliza Mwatime.

Baba alikuwa chini, kwenye chumba cha wageni. Madam akaifungua simu. Adhana ya alasiri ilikuwa ikisikika kutoka msikiti wa jirani, basi akaifunga sauti ili muziki wa mazoezi usiingiliane nayo, na wanawake wanne wakatazama picha isiyosema. Madam aliinama. Goti likaingia ndani. Midomo yake ikacheza. Mkono wa Truphena ukafunguka, ukarudi nyuma. Madam akaanguka.

"Umeona?" madam alisema. "Nasema naye, naye ananitupa."

"Nimeona goti," alisema Mwatime. "Goti hili lingekuangusha hata ukishikwa na watu watatu. Uzito wako wote uko kwenye vidole. Kisigino hakina kazi. Na nyonga hii imelala. Hukuwa na mtu wa kukuangalia?"

Truphena, ambaye alipapasa maana kutokana na vidole vya Mwatime vilivyokuwa vikionyesha kioo cha simu, alisema kwa Kiswahili, "Nilimwona tangu siku ya tatu. Nilimgusa goti, akanipiga kidole."

Mwatime hakufasiri hilo. "Njoo unishikie mgonjwa," alimwambia.

"Simtaki," alisema madam.

"Mama yako ana miaka mingi, nami nina mikono miwili tu, na yote nitaiweka kwenye goti. Chagua: huyu au ukuta."

Madam akanyoosha mkono wake mzima. Truphena akasimama upande wake.

"Mshike hapa, chini ya kwapa," alisema Mwatime kwa Kiswahili. "Usimvute. Ukimvuta atakuegemea. Sawa?"

"Sawa, dada."

"Mie nikilisukuma goti nje, yeye atataka kwenda kwako. Wewe simama kama nguzo. Sawa?"

"Sawa."

"Haya, sawa." Akamgeukia madam kwa Kiarabu: "Nyanyua mguu, bibi harusi wa pili."

Nyuma yao Mama Faiza alianza kucheka kwenye kiti chake mpaka kikombe cha kahawa kikagonga kisahani. Alisema kitu kwa Kiarabu. Mwatime naye akacheka, akajibu, halafu kicheko kikamkatika katikati. Alikuwa amepiga magoti, viganja vikiwa kwenye goti la madam, na akabaki hivyo.

"Anasemaje?" aliuliza Truphena.

"Anatania. Anasema sisi wawili kila dakika sawa, sawa. Anauliza tunakwenda wapi pamoja."

"Pamoja?"

"Kwao sawa ni pamoja. Wakikwambia sawa, wanataka muwe pamoja, msiachane." Mwatime aliinua uso taratibu. "Siku ile alikwambia neno gani huyu?"

Mkono wa Truphena haukutoka chini ya kwapa la madam.

"Dada, mweke chini kwanza," alisema. "Akikaa vizuri, mwambie afungue ile video tena. Na sauti."

Walimkalisha. Adhana ilikuwa imekwisha. Madam aliifungua video kwa kidole cha kushoto, akiwa na uhakika wake, na safari hii muziki ukasikika, na sauti ya mwalimu ikihesabu, na sauti yake mwenyewe juu ya hiyo: Sawa, sawa! Na mkono ukafunguka.

"Si umesikia?" madam alimwambia Mwatime. "Nimemwambia tuwe pamoja, mara mbili."

Mwatime akamfasiria Truphena neno kwa neno. Kisha akamwambia madam maana ya neno lilo hilo kwa Kiswahili: vyema, basi, imetosha, nimekubali. Madam alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Hiyo ni hadithi yenu," alisema. "Watu wa nchi moja hawaangushani."

Mwatime alipofasiri hilo, Truphena alivuta kigoda, akakaa. Hakuwa ameruhusiwa kukaa tangu tarehe 13.

"Mwambie ana haki ya kukataa," alisema. "Neno moja na video moja si ushahidi. Lakini ziko nyingine kumi na nane. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Afungue ya siku ya tano."

Siku ya tano madam alikuwa amesimama karibu na kochi. Sawa, alisema, mkono wa Truphena ukaondoka, madam akadaka kochi na kumsonya. Siku ya tisa alikuwa karibu na ukuta. Sawa, sawa, mkono ukaondoka, madam akajigonga bega. Siku ya kumi na mbili neno lilitoka mara tatu, na mara tatu mkono ulifunguka kama mlango wa duka, na mara ya tatu madam alimpiga Truphena kofi dogo la begani, naye Truphena kwenye video akaonekana kushangaa kikweli. Mwatime alihesabu kwa sauti, kwa Kiarabu. Walipofika mara ya tano kati ya tano aliacha kuhesabu.

"Sasa ya kumi na nne," alisema Truphena. "Mwishoni."

Mwishoni mwa siku ya kumi na nne madam alikuwa amelala chali, akihema, akaagiza maji. Sauti ya Truphena ikasikika wazi: "Sawa, madam." Na Truphena akatoka peke yake, akarudi peke yake na glasi.

Mama Faiza alijipiga paja. "Masikini! Anamwambia twende pamoja, halafu anamwacha sakafuni!"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Madam hakucheka. Alirudisha video nyuma, akatazama tena Truphena akitoka, akarudisha tena. Alipoweka simu chini alikuwa akiiangalia plasta yake.

"Nilidhani ananidharau," alisema. "Siku zote kumi na tisa."

Mwatime akafasiri.

"Na mimi nilidhani umechoka kushikwa," Truphena alijibu. "Nilisema moyoni, mama huyu ana kiburi, lakini ana bidii."

Mwatime alifasiri bidii, akakiacha kiburi.

&nbsp;

Baba aliitwa juu, wanawake wakishajifunika. Alisikiliza amesimama. Alimuuliza mkewe maswali mawili, akamwomba simu, akatazama ile video ya maji mara moja tu. Alikuwa mtu wa ofisi. Hakuhitaji mara ya pili. Alichomoa fomu kwenye bahasha.

"Halas," alisema, kisha akaendelea kwa Kiingereza. "Yamekwisha. Hii naichana, na wewe unarudi nasi Riyadh baada ya harusi."

"Usiichane, baba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliituma. Tarehe 14, ukiwa umesimama kando ya friji. Ukiichana hii, ya ofisini inabaki. Siku nikikosana na mtu yeyote mbele ya safari, watafungua faili na kukuta nimemsukuma madam."

"Nitawapigia simu."

"Simu haiingii kwenye faili."

Baba alimgeukia Mwatime kana kwamba yeye ndiye aliyezungumza. "Anataka nini hasa?"

"Muulize mwenyewe," alisema Mwatime. "Kiingereza chake kizuri."

"Nataka twende ofisini kesho, kama ulivyopanga," alisema Truphena. "Safari ni ile ile. Madam aseme mbele yao. Iandikwe nilimwachia mkono kwa kutoelewa neno, na iwe na muhuri. Nipewe nakala. Na simu yangu, baba, naiomba leo."

"Na kama sitaki kumburura mgonjwa mpaka Kandara?"

Kabla Truphena hajajibu, madam, ambaye alikuwa amelishika jina la Kandara na kuielewa sauti ya mumewe, alisema jambo kwa Kiarabu, fupi na kavu. Mama Faiza akaongeza lake, refu zaidi. Baba alikunja midomo, akatia mkono mfukoni, akatoa simu ya Truphena na kuiweka juu ya trei ya kahawa.

"Amesemaje?" Truphena alimnong'oneza Mwatime.

"Madam kasema mkono uliovunjika ni wake, si wa mumewe. Ya mama yake sikwambii. Na mie kesho zamu yangu yaanza saa kumi. Nitakuja, nikusomee hicho Kiarabu kabla hujatia sahihi."

&nbsp;

Tawi la ofisi lilikuwa Kandara, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la masanduku ya safari. Karani alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, naye hakufurahi. Alisema faili ikishafunguliwa kwa sababu fulani haibadilishwi; mwajiri aondoe ombi tu, basi. Alisema pia kwamba mfanyakazi asubiri nje, kwenye benchi, pamoja na wanawake watano waliokuwa wakisubiri na mabegi yao.

"Nitasimama hapa," alisema Truphena. "Sina begi."

Madam, aliyefunika uso, aliinua mkono wenye plasta na kuuweka juu ya meza ya karani, katikati ya karatasi zake. Alizungumza kwa dakika nzima. Mwatime, nyuma yake, alimfasiria Truphena kwa sauti ya chini.

"Asema hukumsukuma. Asema neno ni moja na maana ni mbili. Karani auliza, yuko tayari kuapa? Asema ndiyo. Karani auliza neno gani hilo. Sasa amweleza... Karani asema hata yeye hakujua. Asema hapa wapita Wakenya kila siku wakimwambia sawa, na yeye kila siku adhani wataka kwenda kwa jozi."

Mmoja wa wanawake kwenye benchi, aliyeyasikia hayo kupitia mlango wazi, aliangua kicheko.

Karani alitoa fomu mpya. Baba ndiye aliyeandika, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Truphena aliisoma sehemu ya Kiingereza mara mbili. Mwatime alimsomea ya Kiarabu, akasimama kwenye neno moja.

"Hapa kaandika uliachia kwa uzembe."

"Hapana," alisema Truphena. "Si uzembe. Ni kutoelewa. Na si mimi tu. Andika kutoelewana, baba. Watu wawili."

Baba alivuta pumzi kwa pua. Madam alisema neno moja. Baba akakata lile la uzembe kwa mstari, akaandika lingine juu yake, akatia herufi za kwanza za jina lake pembeni. Karani akagonga muhuri, akaibana fomu mpya juu ya ile ya tarehe 14, akatoa nakala.

Kwa kuwa siku tisini zilikuwa hazijaisha, karani alimuuliza Truphena, kama kanuni ilivyotaka, iwapo anakubali kubaki na mwajiri huyo. Alimuuliza kwa Kiingereza, kalamu ikiwa hewani. Baba alitazama saa. Madam alimtazama Truphena.

"Nakubali," alisema. "Kwa sharti moja. Madam akipona akirudia mazoezi, nikimwambia goti limeingia ndani, asinipige kidole."

Mwatime alifasiri, na safari hii hakuacha neno. Chini ya kile kitambaa cheusi madam alitoa sauti iliyoweza kuwa kikohozi au kicheko, kisha akaitikia kwa kichwa. Karani aliuliza kama sharti hilo nalo liandikwe. Truphena alisema ndiyo, liandikwe. Karani akaliandika kwenye mstari wa maelezo mengine, na saa sita na dakika ishirini mchana, Jumapili tarehe 25 Machi, Truphena akatia sahihi.